Risasi ya sekunde moja: maswali ambayo watu wa Tanga huuliza kuhusu polisi na matumizi ya silaha

Nafanya kazi ya msaada wa kisheria hapa Tanga mjini. Maswali haya nimeulizwa Ngamiani, Makorora, Pongwe na nje ya vyumba vya mahakama, mengine na watu waliotoka kuzika. Nimeyaacha karibu na maneno yao. Masuala ya maandamano na umati nimeyaweka kando, kwa kuwa yana kanuni zake. Hapa tunazungumzia askari mmoja au wawili, mtu aliye mbele yao, na risasi.

Hivi polisi wa Tanzania anaruhusiwa kuua?

Tuanze na Katiba ya 1977. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Mtuhumiwa wa ujambazi naye yumo humo, na Ibara ya 13 inasema asitendewe kama mkosaji kabla ya kuthibitika kuwa ametenda kosa.

Kisha sheria inaacha upenyo mwembamba. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamkataza askari anayekamata mtu kutumia nguvu kupita inavyohitajika. Kuhusu kitendo kinachoweza kuua, inataka awe anaamini, kwa sababu za msingi, kwamba hakuna njia ila hiyo ili kulinda uhai au kumkinga mtu asijeruhiwe vibaya. Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa askari haki ya kujihami kama inavyotupa sisi wengine: kwa kiasi kinachohitajika, basi. Akizidisha na mtu akafa, sheria yetu inalihesabu hilo kuwa kosa la kuua bila kukusudia.

Ipo pia Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, yenye mizizi enzi za mkoloni. Hiyo ni pana zaidi. Inamruhusu askari kumpiga risasi mtuhumiwa wa kosa kubwa anayetoroka chini ya ulinzi, iwapo ameonywa na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Maoni yangu ni kwamba sheria hiyo haiwezi kusomwa peke yake, kana kwamba Ibara ya 14 haikuandikwa. Ni lazima isomwe chini ya Katiba, na mawakili wetu wanapaswa kuibana hoja hiyo kila wanapopata nafasi.

"Alikuwa anakimbia." Hilo linatosha kumpiga?

Kwa mtazamo wangu, halitoshi.

Tuchukue kijana wa bodaboda anayetoka upande wa Horohoro, mpakani na Kenya, kwa njia za panya na madumu ya mafuta ya kula. Anaona kizuizi, anageuza pikipiki. Amekosa, ndiyo. Lakini hajamtishia mtu uhai. Pikipiki ina namba, kijana ana kwao, na kesho atapatikana.

Marekani walishindana juu ya jambo hili mpaka Mahakama ya Juu. Oktoba 1974, mjini Memphis, askari alimpiga risasi kisogoni kijana wa miaka 15 aliyekuwa akiparamia uzio usiku baada ya kuvunja nyumba. Askari mwenyewe alikiri kwamba hakuona silaha. Kijana alikutwa na pochi ya mwanamke na dola 10. Sheria ya jimbo la Tennessee wakati huo iliruhusu. Mwaka 1985, katika kesi ya Tennessee dhidi ya Garner, mahakama ilisema hapana: anayekimbia hapigwi risasi ili kumzuia tu, isipokuwa kuna sababu za kuamini kwamba ni hatari kubwa kwa askari au kwa watu wengine.

Katika hukumu ile walieleza jambo linalotuhusu hata sisi. Ruhusa ya kumpiga anayekimbia ilitoka katika sheria za zamani za Uingereza, zama ambazo karibu kila kosa kubwa adhabu yake ilikuwa kifo. Aliyeuawa akikimbia alitangulizwa tu. Leo mwizi wa pochi hanyongwi popote, lakini ruhusa ile ilibaki vitabuni, na wakoloni waliibeba kila walikokwenda.

Kwa nini wasimpige mguuni tu?

Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili, na hulisikia hata kwa watu waliosoma.

Mguu wa mtu anayekimbia ni mwembamba na hautulii. Mkono wa askari aliyeingiwa na hofu nao hautulii. Risasi inayoukosa mguu haiishii hewani. Inaendelea mpaka ikutane na ukuta, au mama aliyekaa kibarazani. Na ikiupata mguu, kwenye paja umepita mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache, kabla gari halijafika Hospitali ya Bombo. Ndiyo maana mafunzo ya polisi katika nchi nyingi hayafundishi kupiga miguu. Yanafundisha kupiga sehemu pana ya mwili ili kuikomesha hatari.

Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili, na upande wa pili husahaulika. Kama hakuna risasi ndogo, basi hakuna risasi ya kutia adabu. Askari asiyekuwa na sababu ya kutosha kuua hana sababu ya kutosha kupiga mguu. Kila ninaposikia taarifa kwamba mtu "alipigwa risasi ya mguu akijaribu kutoroka, akafariki njiani akipelekwa hospitali", swali langu si kwamba askari alilenga wapi. Nauliza kama alikuwa na haki ya kulenga.

Na risasi za hewani?

Risasi iliyopanda hushuka. Mitaa kama Ngamiani, nyumba zimeegemeana na watoto wanacheza nje hadi usiku. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinamtaka askari ajitambulishe, aonye waziwazi kwamba atatumia silaha, na ampe mtu muda wa kutii, isipokuwa kufanya hivyo kutahatarisha maisha. Mdomo utangulie.

Askari anaona nini katika ile sekunde?

Anaona kidogo kuliko tunavyodhani. Hapa nawaomba wenzangu wa haki za binadamu wavumilie.

Mtu aliyetulia, anayesubiri taa moja iwake ili abonyeze kitufe, huchukua kama robo sekunde. Akitakiwa kuchagua, kwamba hii ni simu au bastola, nipige au nisipige, muda huongezeka. Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alieleza majaribio yake: mtu mwenye kisu anaweza kuvuka futi 21, kama mita sita na nusu, kwa takriban sekunde moja na nusu, muda uleule ambao askari aliyefunzwa huhitaji kuchomoa silaha na kufyatua. Wapo waliogeuza somo hilo kuwa leseni: aliye ndani ya futi 21 apigwe. Ni kuliharibu somo. Maana yake ni kwamba askari akae mbali mapema, aweke gari au ukuta kati yake na mwenye panga, ili asijikute amebakiwa na sekunde moja na nusu.

Hofu kali pia hubana macho yakaona kitu kimoja tu, huziba masikio, na huiacha kumbukumbu na mashimo. Askari anayesema alifyatua mara tatu kumbe maganda ya risasi ni saba, si lazima awe mwongo. Na jeraha la mgongoni halithibitishi peke yake kwamba marehemu alikuwa anakimbia. Mtu anaweza kugeuka katika muda ambao kidole tayari kimeamua.

Hofu yenyewe haikuzuliwa. Kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa Julai 2015 na askari wakauawa. Aprili 2017, huko Kibiti, askari wanane waliuawa kwa siku moja. Agosti 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mmoja aliwaua askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi kabla ya kupigwa risasi. Sijakutana na mtu mwenye akili timamu anayedai kwamba yule angesubiriwa. Na sisi wa Tanga tunayakumbuka mapambano ya polisi na watu wenye silaha huko Amboni, Februari 2015. Askari anayeingia pori lile usiku ana mke na watoto wanaomsubiri.

Kwa hiyo tusimhukumu kwa tunayoyajua sasa?

Kwa ile sekunde yenyewe, tusimhukumu hivyo. Mwamuzi pale Mkwakwani huona rafu mara moja, akiwa anakimbia. Sisi tunairudia kwenye simu mara kumi kisha tunamtukana. Mahakama zimelikubali hilo zamani. Mwaka 1971, katika rufaa ya Palmer iliyotoka Jamaika, majaji wa Baraza la Faragha jijini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa nchi zilizotawaliwa na Uingereza kama Jamaika, walisema kwamba mtu anayejihami hawezi kupima kwa mizani ya dhahabu kiasi halisi cha nguvu anachohitaji. Mwaka 1989, katika Graham dhidi ya Connor, Mahakama ya Juu ya Marekani iliagiza askari apimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwapo pale, si kwa ujuzi unaokuja baadaye. Hukumu ya Graham haiifungi Mahakama Kuu Kanda ya Tanga, lakini mantiki yake tunayo pia: Kanuni yetu ya Adhabu inamlinda aliyekosea kuhusu jambo lililokuwapo, iwapo alikosea kwa uaminifu na kwa sababu ya msingi.

Shikeni yote mawili: uaminifu, na sababu ya msingi. Februari 1999, huko Bronx, New York, askari wanne walimpiga Amadou Diallo, kijana kutoka Guinea, mlangoni pa nyumba aliyopanga. Alikuwa anatoa pochi. Walifyatua risasi 41, zikampata 19. Mwaka uliofuata baraza la mahakama, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, liliwaachia wote. Nakubali kwamba huenda waliogopa kweli. Lakini kuogopa kweli hakuthibitishi kwamba palikuwa na cha kuogopa. Mtu mweusi mlangoni kwake usiku si hatari.

Basi wakisema "sekunde moja", kesi imekwisha?

Hapana. Na kama mtasoma jibu moja tu katika ukurasa huu, naomba liwe hili.

Sekunde haianguki kutoka mbinguni. Mara nyingi kuna mtu aliyeitengeneza. Novemba 2014, mjini Cleveland, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alikuwa anachezea bastola bandia kwenye bustani. Aliyepiga simu polisi alisema huenda ni ya bandia na huenda ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari likaendeshwa juu ya nyasi mpaka karibu naye kabisa, na ndani ya sekunde mbili alikuwa amepigwa. Ukiziangalia sekunde mbili tu, utasikia habari ya askari aliyeona bastola. Ukirudi nyuma dakika kumi, utaona dereva aliyekaribia mno na taarifa iliyopotea njiani.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua hivyo katika kesi ya McCann, Septemba 1995. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa wamewaua watu watatu wa IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, huko Gibraltar mwaka 1988, wakiamini wana kitufe cha kulipua bomu. Hawakuwa nacho. Majaji walikubali kwamba wanajeshi waliamini kwa dhati. Hata hivyo, kwa kura 10 kwa 9, Uingereza ilikutwa imevunja haki ya kuishi, kwa sababu ya jinsi operesheni ilivyopangwa na kuongozwa. Julai 2005, polisi wa London walimuua Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazil, ndani ya treni, wakidhani ni gaidi. Hakuna askari aliyeshtakiwa kwa mauaji, lakini mwaka 2007 jeshi lenyewe la polisi lilitiwa hatiani kwa kuhatarisha usalama wa umma na kutozwa faini ya pauni 175,000. Na Mei 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa sauti moja katika Barnes dhidi ya Felix, ilikataa mtindo wa baadhi ya mahakama wa kuangalia ule wakati wa hatari peke yake. Mazingira yote ya tukio yaangaliwe.

Tuyalete nyumbani. Wanaume wanne wasio na sare wanapiga mlango teke saa tisa usiku, Mabawa au Kisosora. Hawajasema ni polisi, au wamesema huku mlango ukivunjika. Mwenye nyumba anashika panga, kama ambavyo mimi au wewe ungeshika. Anapigwa risasi. Askari atasema, na atakuwa mkweli, kwamba alimwona mtu mwenye panga. Lakini nani alichagua saa tisa? Kwa nini nyumba haikuzungukwa mpaka alfajiri? Mwenyekiti wa mtaa alikuwa wapi? Nani aliwatuma bila sare? Hayo yaliamuliwa mezani, kwa utulivu, pengine na chai. Hayastahili ile huruma tunayoipa sekunde.

Na yanayotokea baada ya risasi?

Hapo ndipo ukweli hulindwa au huzikwa. Kanuni za Havana zinataka majeruhi ahudumiwe upesi, ndugu waarifiwe, na tukio liripotiwe kwa wakubwa. Askari aliyekosea kwa uaminifu huita gari na hubana jeraha. Haondoi maganda wala hamwekei marehemu silaha mkononi.

Tulijifunza kwa uchungu Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa Dar es Salaam, na umma ukaambiwa ni majambazi waliokufa wakirushiana risasi na polisi. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa ilipochunguza, habari ikawa nyingine: walikamatwa wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande. Hapakuwa na sekunde yoyote ya kuamua. Tangu hapo, neno "kurushiana risasi" likitajwa, mimi huuliza mambo manne: Askari wangapi walijeruhiwa? Maganda ya upande wa pili yako wapi? Gari la polisi lina matundu? Marehemu alipigwa kwa umbali gani? Mapambano ya kweli huacha majibu.

Kuna askari aliyewahi kutiwa hatiani hapa kwetu?

Ndiyo, ingawa si rahisi. Katika kesi hiyo ya 2006, iliyojulikana kama kesi ya Zombe, kwa jina la ofisa wa polisi aliyekuwa mshtakiwa wa kwanza, washtakiwa wote waliachiwa na Mahakama Kuu mwaka 2009. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu kunyongwa. Mwaka huohuo wa 2016, askari aliyemuua mwandishi wa habari Daudi Mwangosi kwa bomu la machozi, kijiji cha Nyololo, Septemba 2012, alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Nani huchunguza?

Kwa kawaida polisi wenyewe, kisha jalada huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Yupo pia korona, yaani mchunguzi wa vifo vyenye utata, ambaye huwa ni hakimu: Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inafanya uchunguzi wake kuwa wa lazima kwa aliyefia mikononi mwa polisi. Na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko ya mtu yeyote. Kenya walianzisha mamlaka huru ya kuwasimamia polisi kwa sheria ya 2011. Sisi chombo cha namna hiyo, cha polisi peke yao, hatuna. Nakitaka kwa ajili ya askari pia: aliyesafishwa na wenzake hasafishiki machoni pa mtaa, hata kama hakukosea.

Nikisimamishwa usiku nifanyeje?

Zima injini, mikono ionekane, na useme kabla ya kuingiza mkono mfukoni: "Afande, natoa leseni." Nawaambia hivi wanangu. Lakini usikubali kuambiwa kwamba aliyekufa alijitakia kwa kuwa alishtuka. Mwenye mafunzo na mwenye bunduki ndiye wa kwanza kutakiwa kutulia.

Ndugu yetu ameuawa. Tuanzie wapi?

Poleni sana. Huku pwani tunazika upesi, na najua uzito wa kuambiwa msubiri. Hata hivyo uchunguzi wa mwili ukikosekana, kesi hubaki maneno matupu. Zungumzeni na shehe wenu au padri wenu mapema. Saa chache zikihitajika kwa ajili ya haki, wengi wao huelewa. Ombeni kwa maandishi uchunguzi ufanyike Bombo, ombeni daktari mnayemwamini awepo, na ombeni nakala ya ripoti. Kabla ya kuosha maiti, mtu mmoja mwenye moyo mgumu apige picha za majeraha yote, mbele na nyuma.

Andikeni siku hiyohiyo majina ya waliokuwapo na walichokiona, kila mtu peke yake, kabla hawajakaa pamoja msibani na habari zikachanganyika. Mpelekeeni barua korona katika mahakama ya wilaya, na nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na Tume ya Haki za Binadamu. Mkitaka kudai fidia serikalini, sheria inataka mtoe kwanza notisi ya siku 90, na nakala yake iende kwa Mwanasheria Mkuu. Tafuteni wakili au msaidizi wa kisheria aiandike vizuri.

Nguo alizovaa mkikabidhiwa, msizifue wala msizichome. Zikausheni kivulini, zifungeni kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake, muandike tarehe na jina la aliyezipokea. Polisi wakizihitaji, wapeni kwa hati yenye sahihi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa.